Niliolewa nikiwa kidato cha pili: je, bado naweza kusoma sheria?

MchapajiKahama ameuliza:

Wakubwa shikamooni, na wengine wote nawasalimu kwa heshima.

Nina umri wa miaka 27, naishi Kahama mkoani Shinyanga, na ni mama wa watoto wawili. Niliacha shule nikiwa kidato cha pili, kabla ya mtihani wa taifa, kwa kuwa mahari ilikuwa imeshapokelewa nyumbani na nikaozwa nikiwa na miaka 16. Ndoa hiyo haipo tena. Kwa sasa nafanya kazi katika steshenari iliyo karibu na mahakama, ambako nachapa viapo, mikataba ya pango, sababu za rufaa na hati nyingine ambazo watu huniletea zikiwa zimeandikwa kwa mkono, nyingine hazina hata nukta. Kwa kuzichapa kwa miaka kadhaa nimeanza kuelewa kwa nini hati hii hupokelewa masjala na ile hurudishwa, na humo ndimo lilimozaliwa wazo la kusoma sheria.

Kilicholipa wazo hilo uzito ni habari ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Nilikuja kujua kwamba kifungu cha 13, kinachoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, pamoja na kifungu cha 17 kinachohusu ridhaa ya mzazi, vilitangazwa na Mahakama Kuu mwaka 2016 kuwa vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo mwaka 2019. Mimi niliozwa kabla ya hukumu hizo, kwa hiyo naona wakati ule hakuna aliyevunja sheria yoyote. Ningependa kuelewa mambo haya kwa undani, na ikiwezekana niyafanyie kazi kwa ajili ya wasichana wa huku kwetu.

Naomba kujua njia ipi inamfaa mtu asiye na cheti hata cha kidato cha nne, na kama miaka yote hii niliyokaa nje ya darasa itahesabiwa dhidi yangu. Kuna ndugu mmoja aliyenishauri niandike barua ndefu ya kueleza maisha yangu na kuiambatanisha na maombi ya chuo, kwani ndivyo alivyoona wanaoomba vyuo vya Marekani wakifanya. Naomba pia mnieleze kuhusu mikopo, kwa sababu kipato cha steshenari mnakijua, na kuhusu Kiingereza, ambacho nakisoma kwa shida na kukizungumza kwa shida zaidi.

MwalimuWaKituo amejibu:

Dada yangu, nimewafundisha watahiniwa wa kujitegemea kwa muda mrefu, na nitaanza na hiyo barua. Usiiandike, kwa kuwa hakuna atakayeisoma. Udahili wa shahada hapa kwetu hufanywa kwa kulinganisha alama za mwombaji na vigezo vilivyochapishwa katika mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na katika maombi hayo hakuna mahali pa kueleza kwa nini uliacha shule. Mfumo huu ni mkavu, na mimi binafsi naona una dhuluma ndani yake, kwa maana aliyesoma akinyonyesha na aliyesoma bweni lenye umeme na maktaba hupimwa kwa kipimo kimoja. Hata hivyo ukavu huohuo ndio utakaokuokoa, kwani hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi miaka 11. Pengo lako halitakuombea na wala halitakushtaki. Nguvu zote ambazo ungezitumia kuipamba barua zielekeze kwenye vyeti.

Kwa kuwa hukufika kidato cha nne, utaanza na Mtihani wa Maarifa, ule ambao kila mtu anauita QT, unaoendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Watu wengi wanauelewa vibaya mtihani huu. QT si cheti cha kukupeleka chuoni; ni ruhusa ya kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwa mpangilio wa kawaida utafanya QT Novemba hii, kisha kidato cha nne Novemba ya mwaka unaofuata. Cheti utakachopata kina uzito uleule wa cheti cha aliyekaa darasani miaka minne mfululizo. Tofauti utakayoiona ni herufi tu, kwa sababu namba za vituo vya shule huanza na S na zile za watahiniwa wa kujitegemea huanza na P. Sijawahi kuona mwanafunzi wangu akikataliwa chuo kwa sababu ya herufi hiyo.

Kama unaona huwezi kujisomea peke yako, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina mpango wa sekondari nje ya mfumo rasmi, ambao kidato cha kwanza hadi cha nne husomwa katika miaka miwili, hatua ya kwanza ikibeba kidato cha kwanza na cha pili na hatua ya pili ikibeba cha tatu na cha nne. Taasisi hiyo ina ofisi mikoani, na baadhi ya madarasa yake yako katika shule za sekondari za kawaida. Ulizia kwanza huko kabla ya kulipa ada katika kituo cha mtu binafsi, maana vituo vya watu binafsi vimo vizuri na vimo vingine ambavyo mwalimu wa Kiingereza ndiye huyohuyo wa Baiolojia.

Baada ya kidato cha nne njia hugawanyika. Ya kwanza ni kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, ambayo inakutaka uwe na angalau alama C katika masomo matatu ya kidato cha nne. Kigezo cha chini cha TCU kwa shahada ni kufaulu masomo mawili ya kidato cha sita yenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa hesabu hiyo D mbili zinatosha, na C pamoja na E zinatosha vilevile. Lakini hicho ni kima cha chini cha taifa, na kila chuo kina uhuru wa kudai zaidi. Sheria ni miongoni mwa kozi zinazogombewa, na vyuo kadhaa huangalia pia alama ya Kiingereza ya kidato cha nne. Usiende kwenye mtihani ukilenga D mbili.

Njia ya pili ni astashahada ya sheria, kisha stashahada, kisha shahada. Hii inahitaji ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini katika kidato cha nne, hata kama ni kwa alama D. Nitawaachia waliopita huko waieleze, kwa maana mimi naijua kwa kuisikia.

Kijana_Ilala amejibu:

Dada, mbona mnamzungusha sana? Serikali ilisharuhusu wasichana waliokatiza masomo kurudi shuleni tangu mwaka 2021. Rudi kidato cha pili katika shule ya kutwa iliyo karibu nawe, usome bure, umalize kwa utaratibu wa kawaida.

MwalimuWaKituo amejibu:

Ndugu yangu wa Ilala, nia yako ni njema lakini ushauri huo utampotezea muda. Tangazo la Novemba 2021 na Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo viliwalenga wanafunzi waliokatiza masomo karibuni, na muda uliowekwa wa kurudi ni miaka miwili tangu mwanafunzi alipoacha. Waraka huo ulikuwa jambo kubwa, hasa ukikumbuka kauli iliyotolewa na Rais mwaka 2017 kwamba aliyepata mimba asirudi katika shule ya serikali, na kwa binti aliyeacha shule mwaka jana ndiyo njia ya kwanza ningemwelekeza. Kwa mwenye miaka 27 dirisha hilo limeshafungwa, na linalobaki ni lile la nje ya mfumo rasmi.

MamaLushoto amejibu:

Mdogo wangu, pole kwa yaliyokupata na hongera kwa kuuliza kabla ya kulipa ada popote.

Mimi niliacha shule kwa kukosa ada, nikarudi nikiwa mtu mzima, nikapita njia ya stashahada, na sasa nina shahada ya sheria. Nilianzia Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilichopo Lushoto, mkoani Tanga, ambacho hutoa astashahada ya sheria kwa mwaka mmoja na stashahada kwa miaka miwili. Kuna vyuo vingine vinavyotoa kozi hizo, ila hakikisha chuo unachokichagua kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, na kwamba kozi yenyewe imesajiliwa pia, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na usajili halali huku kozi moja ikiwa haina ithibati.

Nakushauri njia hii kuliko ya kidato cha sita, na sababu yangu si wepesi, kwa maana haina wepesi. Mtu aliyekatizwa masomo mara moja anaweza kukatizwa tena. Mtoto ataugua, mzazi ataanguka, kodi ya nyumba itapanda. Ukikatizwa katikati ya maandalizi ya kidato cha sita utabaki na cheti cha kidato cha nne tu, lakini ukikatizwa baada ya astashahada utakuwa na cheti kinachotambulika, na baada ya stashahada unaweza kuomba kazi za ukarani mahakamani ukaendelea ukiwa na mshahara. Zaidi ya hayo, utakapoingia mwaka wa kwanza wa shahada utakuwa umeshakutana na sheria za mikataba, za madhara yanayodaiwa fidia, za jinai na za mwenendo wa mashauri, wakati mwenzako aliyetoka kidato cha sita anasikia maneno hayo kwa mara ya kwanza. Kwetu sisi tuliokosa msingi wa sekondari, ile miaka mitatu ndiyo iliyotusawazisha na wenzetu.

Kigezo cha TCU kwa wenye stashahada ni GPA, yaani wastani wa alama zote za chuo, isiyopungua 3.0, pamoja na ule ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na hapa pia vyuo vingine hudai zaidi. Nawasihi wanaosoma uzi huu wasiichukulie stashahada kama chumba cha kupumzikia. Nimewaona wenzangu waliomaliza na GPA ya 2.8 wakidhani watapenya, wakakwama. Aliyekwama hivyo bado ana mlango mmoja, nao ni ile kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria inayojulikana kama faundesheni, ambayo humpokea mwenye stashahada ya GPA kuanzia 2.0, au mwenye kidato cha sita aliyepata angalau pointi 1.5 katika masomo mawili. Akimaliza kwa wastani wa 3.0 katika masomo sita ya msingi, na kupata angalau C katika masomo matatu ya fani yake, anaruhusiwa kuomba shahada. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya watu kama sisi, kina vituo katika mikoa, na mtu anaweza kusoma bila kuacha kazi yake wala kuhamisha watoto.

Sasa kuhusu fedha. Astashahada na stashahada ya sheria jipange kuzilipa mwenyewe, kwa sababu mikopo ya Bodi kwa ngazi ya stashahada imeelekezwa katika fani za kipaumbele, na sheria haimo. Kwa shahada ndipo Bodi ya Mikopo huingia, nayo ina masharti mawili yanayowagusa waliochelewa. Sharti la kwanza ni umri usiozidi miaka 35 wakati wa kuomba. La pili ni kwamba kidato cha sita au stashahada iwe imekamilika ndani ya miaka mitano iliyopita. Hili la pili huwatisha wengi bila sababu, kwani hesabu huanzia kwenye cheti chako cha mwisho na siyo mwaka ulioacha shule.

Piga hesabu pamoja nami. QT utaifanya ukiwa na miaka 27 na kidato cha nne ukiwa na 28. Matokeo hutoka Januari, hivyo utaanza astashahada mwaka huohuo wa matokeo, ukiwa na takribani miaka 29, na kumaliza stashahada ukikaribia 32. Hapo utaomba mkopo ukiwa na nafasi ya takribani miaka mitatu kabla ya kugonga ukomo. Ukifeli mtihani mmoja bado umo ndani. Ukiahirisha mara mbili tatu kwa kusubiri mambo yakae sawa, utajikuta una sifa zote isipokuwa umri.

Kuhusu Kiingereza sitakudanganya. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, na wewe unayechapa hati unaliona hilo kila siku. Lakini mihadhara ya chuo kikuu, vitabu na mitihani bado ni kwa Kiingereza, na hukumu nyingi za zamani ambazo utatakiwa kuzinukuu ziko katika lugha hiyo. Kilichonisaidia mimi ni kusoma hukumu za kesi ambazo tayari nilizijua habari zake. Tovuti ya TanzLII ina hukumu nyingi na haitozi chochote. Tafuta Rufaa ya Madai Namba 204 ya mwaka 2017, Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Rebeca Z. Gyumi, ambayo ndiyo hiyo uliyoitaja ya umri wa ndoa. Isome aya moja kwa siku, uieleze kwa Kiswahili katika daftari, kisha ujaribu kuirudisha katika Kiingereza bila kuangalia. Kwa kuwa jambo lenyewe lilikugusa, hutachoka upesi.

MchapajiKahama amejibu:

Nawashukuru sana, na zaidi nakushukuru wewe dada wa Lushoto kwa hesabu ya umri, ambayo mimi nisingeifikiria. Nimekubali njia ya stashahada, na ile hukumu nimeshaipata. Aya ya kwanza peke yake imenichukua jioni nzima.

Limejitokeza jambo ambalo sikulitaja mwanzoni. Majina yangu hayalingani. Shuleni niliandikishwa kwa jina la kwanza na jina la babu, cheti cha kuzaliwa nilichokuja kukitafuta ukubwani kina jina la baba, na kitambulisho cha NIDA nilikichukua nikiwa kwenye ndoa, nikaandikwa jina la mume. Je, hili litanisumbua, au nilisahihishe huko mbele ya safari?

WakiliKandaYaZiwa amejibu:

Ndugu Mchapaji, lisahihishe sasa, kabla ya kujisajili QT. Katika uzi mzima huu naona swali hilo ndilo linaloweza kukugharimu zaidi ya mengine yote.

Jina utakaloandikisha Baraza la Mitihani ndilo litakalokaa kwenye cheti cha kidato cha nne, na cheti hicho ndicho ambacho chuo, Bodi ya Mikopo na hatimaye Mahakama Kuu watalinganisha nacho karatasi zako zote. Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Mwombaji wa uwakili huambatanisha nakala za vyeti vyake vya elimu katika ombi lake. Tofauti ya jina moja huweza kutatuliwa kwa kiapo, na wewe viapo vya namna hiyo unavichapa kila siku, lakini tofauti za majina matatu katika vyeti vitano hufika mahali ambapo kila ofisi inakutaka uanzie ofisi nyingine. Wewe bado huna cheti chochote cha Baraza, na hiyo ni nafasi adimu. Chagua jina moja, ikiwezekana lililo kwenye cheti cha kuzaliwa, rekebisha NIDA lifuate hilo, na kama kuna jina unaloliacha kabisa tengeneza hati ya kubadili jina na kuisajili. Baada ya hapo jiandikishe QT kwa jina hilo hilo, herufi kwa herufi.

Niruhusu pia nisahihishe jambo moja ulilolisema mwanzoni, kwa kuwa unataka kuwa mwanasheria. Umesema wakati unaozwa hakuna aliyevunja sheria yoyote. Sheria ya Ndoa ni kweli iliruhusu. Lakini wewe ulikuwa mwanafunzi, na chini ya Sheria ya Elimu kulikuwa na kanuni za mwaka 2003 zilizoweka adhabu kwa anayemwoa au kumpa mimba msichana wa shule. Baadaye, mwaka 2016, Bunge liliifanyia marekebisho Sheria ya Elimu yenyewe na kuweka adhabu ya kifungo cha miaka 30. Kwa hiyo tendo moja lilikuwa na ruhusa katika sheria moja na katazo katika nyingine, na mgongano wa namna hiyo ndio utakaokupa kazi utakapokuwa chuoni. Sikusemi vibaya kwa kutokulijua. Nimekutana na mawakili wasiozikumbuka kanuni hizo.

Kuhusu mwisho wa safari, shahada ya sheria peke yake haikufanyi wakili. Utatakiwa kusoma stashahada ya uzamili ya sheria kwa vitendo katika taasisi ambayo sote tunaiita Law School, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 2008. Kule wanachotazama ni shahada ya sheria kutoka chuo kinachotambulika, na njia ya stashahada haina doa lolote. Ugumu wake uko kwenye mitihani. Mwaka 2022 matokeo ya kundi la 33 yalizua mjadala nchi nzima, kwa kuwa kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, wengine 342 wakatakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 wakaondolewa. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza sababu. Wapo waliolaumu vyuo vikuu, wapo waliolaumu taasisi yenyewe, na wapo waliolaumu Kiingereza. Kwa jinsi nilivyowaona wahitimu wanaokuja ofisini kwangu kwa mafunzo ya vitendo, wengi wana shahada nzuri lakini hawajawahi kuandaa hati ya madai tangu mwanzo hadi mwisho. Wewe unayezichapa na kuona zipi zinarudishwa unaanza ukiwa na kitu ambacho wao hulazimika kukijifunza wakiwa wamechelewa. Anza kujiwekea kumbukumbu: hati iliporudishwa, ilirudishwa kwa kasoro gani. Usinakili majina ya wahusika, andika kasoro tu.

MsomajiKisumu amejibu:

Naandika kutoka Kenya, na naomba niongeze neno moja kwa wenzetu wa huku wanaoweza kusoma uzi huu na kudhani mambo ni yaleyale. Kwetu mwisho wa safari una lango jingine. Sheria ya Kenya School of Law ya mwaka 2012 inataja alama za kidato cha nne, yaani wastani wa C+ pamoja na B katika Kiingereza au Kiswahili, na kwa miaka mingi wahitimu wa shahada waliopanda kwa njia ya cheti na diploma wamekuwa wakiifikisha shule hiyo mahakamani baada ya kunyimwa nafasi, huku mahakama zikitoa maamuzi yasiyofanana. Mkenya aliyekatizwa masomo asome kwanza masharti ya mwisho, kisha arudi nyuma kupanga ya mwanzo, na kama alama zake za sekondari ni za chini afikirie kurudia mtihani huo mapema kabla hajatumia miaka minne chuoni. Dada wa Kahama, kwa maelezo ya wakili hapo juu, hilo halikuhusu.

MamaLushoto amejibu:

Mdogo wangu, naongeza dogo kwa yale ya wakili. Mabadiliko ya NIDA huchukua muda, na usajili wa QT na wa kidato cha nne kwa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, na anayechelewa hulipa faini. Kwa hiyo usiyapange mambo haya kwa kufuatana. Yaanze yote mawili wiki hii. Na uwaambie wanao kwamba kuanzia sasa jioni moja katika juma mama yao haulizwi jambo. Mimi wangu walikuwa wakikaa mezani na madaftari yao, nami na la kwangu.

MchapajiKahama amejibu:

Nimefika ofisi ya NIDA ya wilaya leo asubuhi nikapewa fomu ya marekebisho na orodha ya viambatanisho. Wanataka cheti cha kuzaliwa, kiapo, na nakala ya talaka. Talaka nilipewa kwa mdomo mbele ya wazee na sina hati yake.

WakiliKandaYaZiwa amejibu:

Basi talaka hiyo haijakamilika kisheria, maana chini ya Sheria ya Ndoa ndoa huvunjwa kwa amri ya mahakama. Anzia baraza la usuluhishi la ndoa katika kata yako, upewe hati inayoonyesha kwamba usuluhishi umeshindikana, kisha ufungue shauri katika mahakama ya mwanzo, hapohapo jirani na steshenari yako. Wazee walioshuhudia waombe wawe tayari kuja kutoa ushahidi. Wakati shauri likiendelea, jisajili QT kwa kufuata cheti cha kuzaliwa, na marekebisho ya NIDA yatafuata amri ikishatoka. Hati ya madai utaiandaa mwenyewe. Ukimaliza rasimu, futa majina, iweke hapa tuipitie.